Mhanga na Pango Lililopinda

Paukwa!

Pakawa.

Ah! Leo mmeitika kama watu waliotwanga tangu alfajiri. Wakubwa wameegemea ukuta, watoto wameegemea wakubwa. Si neno. Pakawa iliyochoka ni pakawa. Kaeni hivyo hivyo mlivyokaa, hadithi itawafuata.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wakiulizana hali kabla ya kuumana, palikuwa na mbuga pana. Huku chini udongo ulikuwa mweusi. Kule juu, kwenye mwinuko, udongo ulikuwa mwekundu. Kiangazi, ule mweusi ulipasuka nyufa za kumeza mguu. Masika, uligeuka uji. Mapango yote ya huko chini yalijaa maji mpaka mlangoni. Kwa hiyo mwenye akili alitaka pango la juu, kwenye udongo mwekundu, na alilitaka kabla ya mvua.

Lakini nani anajua kuchimba? Simba hajui. Swala hajui. Ngiri ana pua ya kufukua mizizi, lakini ukimwambia achimbe pango la kulala, atakuchimbia sahani. Fundi wa mapango alikuwa mmoja tu. Mhanga.

Mnamjua Mhanga? Masikio ya punda, pua ya nguruwe, mkia kama mchi. Ukimtazama utadhani aliumbwa jioni, kwa vilivyobaki. Lakini kucha zake! Kucha zake ni majembe.

Mhanga alikuwa akichimba na mkewe. Mke alikuwa mbele, na kucha: kwaru, kwaru. Udongo ulirudi nyuma. Mume alikuwa nyuma, akiupokea kwa miguu na kuutupa nje: pu! Kwaru, kwaru, pu! Kwaru, kwaru, pu! Siku ikiwa njema, jua lilichomoza pakiwa patupu, likatua pakiwa na pango. Pana. Limenyooka. Waliopita njiani walisema, "Poleni na kazi!" Nao waliitikia kutoka chini ya ardhi, sauti mbili kwa pamoja, "Tumeshapoa!"

Maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya mbuga ile, kama ilivyo yetu. Humpiti mtu aliye kazini ukanyamaza. Unamwambia pole na kazi. Naye, hata kama mgongo unamwuma, anakujibu, nimeshapoa, asante.

Kiangazi kile mke wa Mhanga aliugua, akafa.

Hapo tusikae sana. Alizikwa. Wanyama walikuja, walikaa, waliondoka.

Mhanga alibaki na pango moja ambalo halikuwa limekwisha, kule juu kwenye udongo mwekundu. Lilikuwa mlango tu, na ndani ya mlango, nafasi ya kuingiza kichwa. Mkewe ndiye aliyelianza. Mhanga akalala kando yake, kwenye kivuli cha kichuguu. Asubuhi amelala. Mchana amelala. Mchwa, chakula chake, walimpita mbele ya pua, naye hakutoa ulimi. Kila aliyepita alisema, "Pole." Mhanga alijibu, "Asante." Hakusema nimeshapoa, kwa sababu hakuwa amepoa.

Siku moja akaja Bi Ngiri. Huyu alikuwa shoga wa marehemu, na alikuwa mjamzito. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, likisukasuka juu ya nyasi.

"Hodi, shemeji."

"Karibu."

"Tazama kule, lile wingu."

"Nimeliona."

"Umelionaje, na macho umefumba?"

Mhanga akafumbua jicho moja. Wingu lilikuwepo. Dogo, jeusi, limekaa juu ya kilima kama kuku anayeatamia.

"Shemeji," akasema Bi Ngiri, "mimi nazaa na mvua. Sikupanga mimi, ndivyo ilivyo kwetu. Nikizaa huku chini, maji yatawachukua wanangu. Nikizaa nje, Fisi atawachukua. Pango hili shoga yangu aliniahidi mimi. Sikuja kukusukuma. Nakuuliza tu. Litakwisha?"

"Litakwisha. Ngoja nipate nguvu."

"Utazipata lini?"

"Kesho."

Kesho ikaja. Nguvu hazikuja nayo. Mhanga akasema tena kesho. Kesho nayo ikaja, nayo ikaja mikono mitupu. Na lile wingu? Wingu liliita ndugu zake.

Basi mbuga nzima ilisikitika. Aliyefurahi alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuja akilia kuliko wote. Fisi!

"Uwiii! Ndugu yangu we! Uwiii!" Alijitupa chini, akagaagaa, akajipaka vumbi kichwani. Alilia kumpita mfiwa, mpaka mfiwa akaanza kumbembeleza.

"Basi, kaka. Basi, nyamaza."

"Sinyamazi! Nimesikia unafikiria kazi. Kazi, saa hizi! Roho imenipasuka." Fisi akajifuta machozi ambayo hayakuwepo. "Wewe na marehemu mlikuwa mkichimba pango zima kwa siku moja. Leo ukachimbe kipande? Kesho kipande? Kama panya? Watu watasemaje? Lala, ndugu yangu. Siku moja utaamka umejaa nguvu, utachimba lote kwa mkupuo mmoja. Kazi ya heshima haifanywi kwa vipande."

Mhanga akaona maneno yale yana mantiki. Tena yalikuwa laini, na yeye alikuwa amechoka. "Kweli," akasema.

"Kweli tupu. Ehe, na Bi Ngiri hajambo? Tumbo linaendeleaje?"

"Anasema atazaa na mvua."

"Masikini," akasema Fisi. Akameza mate, gudu! "Nitakuja kumwona mzazi. Lala, ndugu. Pole. Pole sana."

Na Mhanga akalala.

Sasa sikilizeni. Katika mbuga ile alikuwepo Mzee Kifaru. Mnajua macho ya Kifaru. Kifaru akiona kisiki anakiamkia, kisiki kisipoitikia anakipiga pembe. Ndiyo maana hubeba ndege mgongoni, wa kumwambia kilichoko mbele. Asubuhi moja ndege alikwenda kunywa maji, na mzee akatembea peke yake. Ndi, ndi, ndi. Akafika penye mwinuko. Akaona weusi wa shimo. Kando ya shimo akaona kitu kama Mhanga. Shimo na Mhanga! Mzee akajumlisha.

"Pole na kazi, mwanangu!"

Na Mhanga, kabla hajafikiri lolote, mdomo wake ukajibu wenyewe, kwa mazoea ya miaka mingi:

"Nimeshapoa, mzee. Asante."

"Sawasawa! Piga kazi!" Mzee akaenda zake, ndi, ndi, ndi.

Mhanga akabaki masikio juu. Kwanza aliona aibu. Kisha akaona kwamba amesema uongo. Kisha akahesabu vizuri akaona ni uongo mara mbili: hakuwa kazini, na hakuwa amepoa. Akautazama uongo wa pili. Huo hakuwa na la kuufanya, si siku ile. Akautazama wa kwanza. Huo ungeweza kugeuzwa ukawa kweli, tena kabla mzee hajafika mbali.

Akajikokota. Hakusimama, alijikokota. Akaingiza kichwa pale mlangoni. Kwaru. Mara moja. Udongo ukaanguka, wa kujaza kifuu cha nazi. Akageuka, maana nyuma hapakuwa na mtu wa kuupokea. Akausukuma nje mwenyewe. Pu.

Akangoja nguvu zije. Hazikuja. Akarudi kivulini, akalala. Lakini aliyelala hapo sasa hakuwa amemdanganya mzee.

Kumbe yule ndege aliporudi kutoka majini aliisikia habari. "Babu! Leo umemsalimia nani kule juu?"

"Mhanga. Alikuwa kazini."

"Kazini! Mhanga hajagusa udongo tangu afiwe. Umempa pole ya kazi mfiwa aliyelala! Mbuga nzima itatucheka, wewe kwa kutoona na mimi kwa kutokuwepo."

Mzee Kifaru akapatwa na fedheha. Asubuhi iliyofuata akapanda mwinuko kwenda kuomba radhi, ndege mgongoni. Mhanga alikuwa kivulini. Akasikia ndi, ndi, ndi. Akasema moyoni, anarudi tena! Akakimbilia shimoni. Kwaru, kwaru, pu! Kwaru, kwaru, pu!

Kifaru akasimama. Akasikiliza. Akageuza shingo kumtafuta ndege.

"Wewe, na hayo macho yako!"

Ndege akajifuta macho kwa bawa.

"Afadhali yangu mimi nisiyeona. Pole na kazi, mwanangu!"

"Nimeshapoa, mzee!"

Siku ya tatu mzee hakuja. Mhanga alimngoja. Alisikiliza njia, akasikia upepo. Viungo vyake vilikuwa vizito kama magogo yaliyolala mtoni. Akajiuliza, nikachimbe? Moyo ukamjibu, leo hapana. Akajiuliza tena, moyo ukamjibu vile vile. Ndipo akatambua kosa lake. Alikuwa akiuuliza moyo kila siku, na kila siku moyo ulijibu ukweli. Swali ndilo halikuwa na kazi.

Basi akajiwekea sharti. Asubuhi, kabla ya kujiuliza chochote, aende shimoni. Kwaru moja, pu moja. Akimaliza hiyo, yuko huru. Akitaka kulala, alale, na mtu asimwulize.

Akatunga na wimbo, maana shimoni mlikuwa kimya kupita kiasi:

*Kwaru yangu ndogo,*
*pu yangu ndogo,*
*udongo hauulizi.*

Mwimbieni.

*Kwaru yangu ndogo,*
*pu yangu ndogo,*
*udongo hauulizi!*

Ziko siku kwaru moja ilikuwa moja kweli. Alipiga, akatupa, akaenda kulala. Ziko siku moja ilivuta ya pili, ya pili ikavuta ya tatu, akashtuka jua limefika utosini. Iko siku hakuweza kabisa. Aliingia, akazoa udongo uliokuwa umeporomoka wenyewe, akatoka. Iko siku alilia mle ndani, kwa sababu alisema "pokea" na hapakuwa na mtu nyuma. Alilia akimaliza pu yake. Kisha akatoka, akaona mchwa, akatoa ulimi. Walikuwa watamu. Hilo lilimshangaza.

Pango likaenda. Lakini liliendaje? Hapo ndipo penye habari.

Alipokuwa na nguvu na mkewe, wakikuta jiwe walilipasua. Wakikuta mzizi waliukata. Sasa alikuta jiwe upande wa kulia. Nguvu za kulipasua hakuwa nazo. Akalizunguka. Akakuta mzizi mnene. Akapita chini yake. Akakuta udongo mgumu, akauacha, akafuata ule laini uliopanda juu. Pango likapinda kulia, likapinda kushoto, likazama, likapanda. Likawa jembamba, maana hakuchimba upana wa watu wawili. Alichimba upana wake mwenyewe.

Fisi alipopita kuangalia usingizi wa rafiki yake unaendeleaje, akakuta rundo la udongo mbichi. Machozi yakamkauka siku ile. Akachungulia ndani.

"Hili nini?"

"Pango."

"Pango! Hili ni pango au utumbo wa kuku? Hebu njoo utazame mwenyewe. Limekwenda huku, limekwenda huku, utadhani mchimbaji alikuwa amelewa togwa lililolala!"

"Halijakwisha."

"Bora lisiishe!" Fisi akashusha sauti, akaipaka asali. "Ndugu yangu, mimi nakwambia kwa mapenzi. Marehemu alikuwa fundi. Hili ndilo pango lake la mwisho, yeye ndiye aliyelianza. Na wewe unalimalizia hivi? Unamwaibisha aliyelala kaburini."

Maneno yale yakaingia pale hasa Fisi alipotaka yaingie. Mhanga akatazama shimo. Akaona kila mpindo ni siku aliyoshindwa. Akaenda kivulini. Asubuhi yake hakuenda. Na iliyofuata hakuenda. Na mawingu sasa yalikuwa yamefunika kilima chote, na upepo ulikuwa na harufu ya maji.

Bi Ngiri akapanda mwinuko, akihema, hu, hu, hu. Hakubisha hodi. Hakusema pole. Alimpita Mhanga, akaenda moja kwa moja mlangoni, akageuka, akaingia kinyumenyume, kama waingiavyo watu wa kwao. Ndani ikasikika miguno.

"Lahaula! Shemeji! Hapa nigeukie wapi?"

"Kulia."

"Mbona kuna jiwe?"

"Lizunguke."

"Na hapa?"

"Inama. Kuna mzizi."

Kisha kichwa cha Bi Ngiri kikatokea mlangoni, kina udongo mpaka kwenye nyusi.

"Limepinda," akasema.

"Najua."

"Limepinda vibaya."

"Najua, shemeji. Fisi ameniambia. Nimemwaibisha mwenzangu."

"Nani kasema? Fisi?" Bi Ngiri akacheka, kicheko kifupi. "Fisi alimjua lini shoga yangu? Sikiliza. Wewe ulikuwa nyuma miaka yote, unasukuma udongo. Ulikuwa unaona nini? Mkia wake. Mimi nilikuwa nakuja kutoka mbele, kupitia tundu la hewa alilokuwa akilitoboa, kumpigia soga. Ziko siku nilimkuta anachimba amelala ubavu. Kwaru moja, anapumzika. Kwaru moja, anapumzika. Nikimwuliza una nini, ananiambia, shoga, leo sina kitu, lakini usimwambie, atasimamisha kazi aanze kunihurumia."

Mhanga akafumbua macho yote mawili.

"Hukujua?"

"Nilidhani ndizo siku udongo ulikuwa mgumu."

"Basi sasa unajua." Bi Ngiri akajikung'uta, tifu! "Pango limepinda, lakini naingia. Tatizo si kupinda. Chumba cha kuzalia hakipo. Nikilala mle, kichwa na matako vinagusa ukuta. Na mimi leo au kesho."

Akashuka, akaenda kuvuna majani ya kutandika. Mhanga akakaa palepale. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, alimwona mkewe kwa mbele: amelala ubavu, gizani, anapiga kwaru moja na kupumzika. Na yeye nyuma, akisema, haya, lete mwingine!

Akainuka, akaingia shimoni.

Msidhani nguvu zilimjia. Watoto, msidhani hivyo. Alikuwa amechoka kuliko siku zote, na alikuwa hajala tangu jana. Akalala ubavu. Kwaru moja, akapumzika. Kwaru moja, akapumzika. Udongo ukijaa, akageuka, akausukuma mpindo kwa mpindo mpaka nje. Pu. Akarudi.

*Kwaru yangu ndogo,*
*pu yangu ndogo,*
*udongo hauulizi!*

Ngurumo ikasema juu ya kilima: ngurrr! Akapiga kwaru moja. Tone la kwanza likaanguka mlangoni: to! Akapiga kwaru moja. Bi Ngiri akafika na mdomo umejaa majani, macho yamemtoka. "Shemeji, tayari!"

"Bado kidogo."

"Sikukuuliza wewe! Nasema mimi niko tayari!"

Kwaru. Akapumzika. Kwaru. Na ukuta wa mwisho ukakaa sawa. Chumba kikawa chumba, huko juu pango lilipopanda mara ya tatu, mahali ambapo maji hayafiki hata yakitaka. Nguvu alizokuwa akizingoja tangu kiangazi hazikuja mpaka dakika ile, na pango lilikuwa limekwisha.

Mhanga akatoka. Bi Ngiri akaingia, kinyumenyume. Na mvua ikamwagika kama mtu amepindua pipa.

Mhanga akaanguka chini ya kichuguu, hana hata pumzi ya kujikunja. Alikuwa bado hivyo saa kadhaa baadaye, alipomwona Fisi akipanda mwinuko, amelowa, anacheka.

"Hii hii hii! Hujambo, ndugu? Nimekuja kumwona mzazi." Akamruka Mhanga kama anavyoruka gogo. "Lala tu, usiamke. Pole sana!"

Akatumbukiza kichwa pangoni.

Mapango ya zamani Fisi aliyajua vizuri. Pana, yamenyooka, unaingia mbio na unatoka na kitu mdomoni. Akaingia mbio. Ku! Akagonga jiwe kwa paji la uso. "Aii!" Akapapasa, akazunguka kulia. Shingo ya Fisi, mnaijua, haipindi. Ilibidi apindishe mwili wote. Akainama chini ya mzizi, mabega yake yaliyoinuka yakakwama, akajisukuma, yakapita, manyoya yakabaki. Akasikia huko juu sauti ndogo ndogo: wi, wi, wi. Mate yakamtoka. Akapanda. Na pale pango lilipopanda mara ya tatu, pembamba kuliko pote, akakwama. Mbele haendi. Kugeuka hawezi. Na mbele ya pua yake, gizani, hakukuwa na mgongo wa mzazi wala miguu ya mzazi. Ngiri huingia kinyumenyume. Kulikuwa na uso wa Bi Ngiri, na meno yake mawili yaliyochongoka.

"Umekuja kumwona mzazi?" akauliza Bi Ngiri. "Haya. Mwone."

Chwa! Puani.

"Uwiii!"

"Lia vizuri! Ulilia vizuri msibani!" Chwa!

Safari ile Fisi alilia machozi ya kweli. Akarudi nyuma, na kurudi nyuma katika pango lililopinda si kazi ya mchezo. Akajigonga makalio kwenye mzizi. Akajigonga kisogo kwenye mzizi. Akarudi akajigonga jiwe, mahali ambapo kuketi kutakuwa shida kwa muda. Chwa! Bi Ngiri alikuwa akimsindikiza, mpindo kwa mpindo. Huko nje mlangoni ukatokea mkia, umelowa, unatetemeka, kisha makalio.

Mhanga aliyaona. Nguvu hakuwa nazo, tumesema. Lakini mguu wake wa nyuma ulikuwa karibu na rundo la udongo, na udongo wenyewe sasa ulikuwa tope. Akausukuma mara moja tu.

Pu!

Fisi akadhani ameshambuliwa na jeshi kutoka pande zote. Akachomoka, akabingirika mwinuko wote, bi, bi, bi, mpaka kwenye udongo mweusi, ambao saa ile ulikuwa umeshakuwa uji. Akazama mpaka kidevuni. Wanyama waliokuwa wamejikinga vichakani walitoka mvuani makusudi wapate kucheka. Swala alicheka. Twiga alicheka, na cheko la Twiga huchukua muda kufika juu. Mzee Kifaru aliuliza, "Nani yule?" na ndege akamweleza kila kitu, taratibu, asiache hata neno. Fisi akatoka topeni jioni, akaenda zake, na katika mwinuko ule hakuonekana tena masika yote.

Mvua ilinyesha ilivyotaka. Mapango ya chini yakajaa. Lile la juu likabaki kavu, na asubuhi moja yenye jua Bi Ngiri akatoka na watoto wake, mikia juu, mmoja nyuma ya mwingine, wakipinda pale mlangoni kulia kisha kushoto, hata walipofika uwanjani wakaendelea kutembea wakipinda, kwa sababu ndivyo walivyodhani watu hutembea.

Mbuga nzima ikaja kuliona pango. Wakachungulia, wakapiga vigelegele, wakambeba Mhanga juu juu mpaka akaomba ashushwe. Nungunungu akasema, "Fundi, nami nichimbie, lakini lipinde." Mbweha akasema, "Langu lipinde mara nyingi zaidi." Wakaanza kugombania zamu.

"Fundi, tuje lini? Kesho uko vizuri? Leo naona una nguvu."

Mhanga akajitazama. Ilikuwa kweli. Asubuhi ile alikuwa na nguvu. Akacheka, sauti ambayo hata yeye alikuwa ameisahau.

"Leo naweza kuwachimbia lililonyooka," akasema. "Lililopinda, njooni siku nimechoka."

Basi, jamaa zangu, maana yake ni hii. Siku usiyo na nguvu usikae kuzingoja, na usijiulize sana kama unajisikia. Fanya kidogo unachoweza, kisha pumzika bila aibu, na kesho ufanye tena. Kazi ya siku ya unyonge ni kazi kamili, na huenda ikafaa pale ambapo ile ya siku ya nguvu isingefaa.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami naiachia hapo. Atakayeiokota, aende nayo kwao.